Namba Kumi Wawili, Shati Moja

Kitendawili! Itikia "tega" hapo ulipo, usione haya.

Ndugu wawili wana shati moja. Akilivaa huyu, yule hubaki kifua wazi, na uwanja mzima unawatazama. Ni nini?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Kilosa, na stesheni yake na reli yake. Haya, nimeshafika Kilosa, nimekula nikashiba, nimelala kitanda cha chuma, na jibu ni hili: jezi namba kumi ya chuo cha ufundi.

Chuo hicho cha misheni kina seti moja tu ya jezi tangu zamani, na kwa miaka mingi kimejaliwa wachezeshaji wawili kwa mpigo. Ndiyo maana kocha wao aliweka desturi ambayo hakuna timu nyingine ya mkoani inayoifuata. Mmoja anacheza kipindi cha kwanza. Mapumziko yakifika anavua shati, linatiririka jasho, anamkabidhi mwenzake, naye analivaa hivyo hivyo likiwa limelowa na kuingia kipindi cha pili.

Anayeijua vizuri baridi ya shati hilo mgongoni ni Urbanus. Asubuhi hii ya Jumatatu, mwezi wa Agosti 1996, yuko Kidodi, ameinama kwenye miwa iliyochomwa jana jioni.

Jua halijapanda. Masizi yamemjaa mpaka kwenye kope. Anashika mua kwa mkono wa kushoto, anaupiga panga chini kabisa, karibu na udongo, anaugeuza, anakata kilele, anautupa kwenye rundo. Kisha anafanya jambo ambalo wakataji wengine hawalifanyi. Anainua kichwa, anatazama mbele, halafu ndipo anainama kwa mua unaofuata.

"Wananicheka," anasema Urbanus, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu. "Wanasema namtafuta winga humu kwenye miwa. Ni mazoea tu. Nilifundishwa kutazama kabla mpira haujanifikia."

Anayemcheka kuliko wote ni Melkizedek, jirani yake wa ngwe ya kulia.

"Wewe Nguzo!" anapiga kelele Melkizedek. "Leo tajiri anakuja kuchukua jibu. Umeshaamua au bado unapiga ramli?"

Urbanus anainama tena. Anakata.

Jina la Nguzo alipewa uwanjani, zamani, kwa sababu alikuwa akisimama katikati na watu wakimzunguka. Na tajiri anayesemwa ni Donati wa Mikumi, mwenye malori yanayobeba miwa hii. Malori matatu ya mwanzo aliyanunua kwenye mnada, shirika la mkonge lilipokufa. Sasa ana mengine, ana bohari la vipuri kando ya barabara kuu, na ana timu. Watu wanaiita Timu ya Malori.

Timu hiyo inataka mchezeshaji mmoja. Na bohari linataka karani mmoja. Donati ameamua awe mtu yule yule: acheze namba kumi, apewe kazi ya bohari, chumba na mshahara wa kila mwezi. Anamtaka kutoka chuo cha ufundi, ambako vijana wawili wanamaliza mwaka huu. Wawili hao wanaitwa Yared na Lemayan, nao ndio wanaovaa shati moja.

Hapo nyuma kijana akimaliza chuo alikuwa na mahali pa kukimbilia. Palikuwa na mashamba ya mkonge, palikuwa na karakana za mashirika. Siku hizi mashirika yamefungwa, waliokuwa kazini wamepunguzwa, na cheti cha useremala kinawekwa chini ya godoro. Atakayeachwa na Donati anajua njia iliyobaki. Inapita hapa kwenye miwa, kwa shilingi mia saba za ngwe moja, na hizo ni kwa anayeimaliza.

Donati hakutaka kuchagua mwenyewe. Alimwita Urbanus.

"Mimi nilikuwa winga, nilikuwa nakimbilia tu mipira uliyonipa," alimwambia. "Jicho la namba kumi unalo wewe. Njoo Jumamosi Mikumi, ukae na mimi, uwatazame. Ukisema huyu, ni huyu."

Verdiana, mke wa Urbanus, aliposikia alitua ndoo chini.

"Mtu kafunga mabao ujana wake wote kwa pasi zako," alisema. "Leo ana malori nawe unamkatia mzigo wa kubeba. Si umwambie akupe wewe hiyo kazi ya bohari?"

"Hakuniuliza hilo," akajibu Urbanus.

"Na wewe humwulizi?"

"Mke wangu, karani wa masizi haya nani atamtaka."

Jumamosi ile uwanja wa Mikumi ulijaa. Madereva waliacha magari yao kando ya barabara wakaja kusimama. Chuo kilicheza na Timu ya Malori yenyewe. Donati alileta viti viwili, akamketisha Urbanus pembeni yake, akamnunulia soda.

Yared alivaa shati kwanza. Ni mtoto wa mwinjilisti wa Kianglikana kutoka Zombo, mrefu, mpole, mabega mapana. Uchezaji wake, ukiutazama haraka, unaweza kusema hafanyi kitu. Hakimbii. Anasimama kwenye duara la kati, anageuza shingo kushoto, anageuza kulia, na mpira ukimfika tayari ameshajua uendako. Anaugusa mara moja, mara mbili kwa nadra. Adui anayemfuata anakuta mtu bila mpira. Mpaka mapumziko bukta yake ilikuwa bado nyeupe.

"Huyu anacheza kama anasubiri treni," alisema dereva mmoja nyuma yao, na watu wakacheka.

Lakini katikati ya kipindi Yared alitoa pasi moja ya kupenyeza, ya chini, ikapita katikati ya mabeki wawili kama mtu anayepita mlangoni kwake. Winga wa chuo aliikuta mbele ya mguu wake bila kupunguza mwendo. Bao. Waliosimama hata hawakuona nani ametoa mpira ule. Urbanus aliona. Anasema alihisi goti lake lenyewe likicheza.

Mapumziko, Yared akavua shati. Lemayan akalipokea.

Lemayan ni mtoto wa wafugaji, mwembamba, mweusi wa kung'aa. Baba yake, mzee Saitabau, alikuwa na ng'ombe upande wa Malolo mpaka ugonjwa ulipopita mwaka juzi ukafagia zizi. Kijana alibaki chuoni kwa kufadhiliwa na kanisa. Kisha mwaka jana, kwenye karakana, msumeno wa mashine ukamkata vidole viwili vya mkono wa kulia, na kidole gumba kikabaki hakikunjiki. Alijifunza upya kuandika, kwa mkono wa kushoto. Randa haishiki. Panga halishiki.

Uwanjani hana haja na mkono huo. Mpira ukimfika Lemayan, uwanja mzima unasimama. Haupitishi, anakwenda nao. Anamvuta beki mmoja, anangoja wa pili aje, anamtamani na wa tatu, na wote wakishamzunguka anauachia mahali walipotoka. Akiangushwa anaamka akicheka. Mara nyingine anaupoteza, na wenzake wanatupa mikono hewani, wanamtukana. Kipindi kile chuo kilifungwa mabao mawili kwa mipira aliyoipoteza yeye, na kikafunga mawili kwa aliyoichomoa yeye kwenye msitu wa miguu. Madereva wakapagawa.

"Anacheza kama mfugaji aliyesikia simba!" alipiga kelele yule dereva aliyetaja treni.

Chuo kilishinda tatu kwa mbili. Watu walimbeba Lemayan. Yared alikaa kwenye nyasi kifua wazi, akipiga makofi.

"Nani?" akauliza Donati, akiinuka.

Urbanus aliiangalia chupa yake ya soda.

"Nipe mpaka Jumatatu."

"Kwani ni kitu cha kufikiri? Wewe si ni yule yule Yared? Nilipomwona nikasema Nguzo amezaliwa tena."

"Ndiyo maana nataka mpaka Jumatatu."

Swali likabaki hapo, limening'inia.

Ukimwomba Urbanus awalinganishe, hasiti. Anaweka panga chini, anajipangusa, anachora ardhini kwa kipande cha mua.

"Yared anajua mpira unakwenda wapi. Lemayan anajua watu wanakwenda wapi," anasema. "Yared akicheza, wenzake wote wanakuwa wazuri na yeye haonekani. Lemayan akicheza, anaonekana yeye. Ukiwa unaongoza, mpe mpira Yared, hautaondoka. Ukiwa umefungwa na muda unakwisha, mpe Lemayan, kwa sababu Yared hana hasira. Atapasi vizuri mpaka filimbi ya mwisho, mtatoka mmefungwa kwa adabu."

Na kwa jumla?

"Kwa jumla Yared ni zaidi. Si kwa kidogo." Anafuta mchoro kwa mguu. "Nani asiyeliona hilo? Ni wale tu wasioujua mpira."

Basi kama ni hivyo, kuna nini cha kufikiri mpaka Jumatatu?

Ili umwelewe Urbanus hapo, lazima urudi nyuma, mwaka wa themanini na sita. Yeye ndiye aliyekuwa anavaa shati kipindi cha kwanza. Wa kipindi cha pili alikuwa Anselmi, mkimbiaji, kijana wa kifua dhaifu aliyekohoa kila baridi ikiingia. Meneja wa shirika la mkonge alikuja kutazama, naye alikuwa na nafasi moja ya kazi ofisini kwa ajili ya mchezaji mmoja. Watu wa Kilosa waliweka dau kwa Nguzo. Jioni likatajwa jina la Anselmi.

Urbanus alimfuata meneja mpaka kwenye gari. Alimwuliza kwa heshima, kofia mkononi, kama amekosea wapi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Alimshika bega akamgeuza, akamtazama kama mtu anavyotazama ng'ombe wa kukokota plau.

"Hujakosea kitu. Wewe ni bora," alisema. "Lakini wewe una mikono, bwana. Mwenye mikono hakosi kazi."

Maneno hayo Urbanus hajamwambia mtu kwa miaka kumi. Verdiana amemwuliza mara nyingi walimwacha kwa nini, na kila mara amejibiwa kwamba ni mambo ya wakubwa. "Ningemwambiaje?" anasema. "Kwamba nilinyimwa kwa sababu nina afya?"

Ni kweli, hakukosa kazi. Alibeba magunia stesheni ya Kilosa mpaka mizigo ikapungua. Alikata mkonge mpaka shirika likafa. Sasa anakata miwa. Bega la kulia linalia usiku, na kiganja chake kimekuwa kigumu hivi kwamba hawezi kumshika mtoto shavuni bila mtoto kujikunja.

Urbanus alimwona Anselmi mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, kwenye kituo cha mabasi Mikumi. Alikuwa ameteremka kula, anarudi Morogoro, ana shati la mikono mirefu na kalamu mfukoni. Walikumbatiana. Kisha wakapeana mikono, na Anselmi, bila kukusudia, akauvuta wake upesi, kama mtu aliyeshika kitu kisichotarajiwa.

"Hakufanya makusudi," anasema Urbanus. "Ila mkono wake ulikuwa kama mkate, nami nikauona wangu."

Jana, Jumapili, baada ya ibada, Yared aliendesha baiskeli kutoka Zombo mpaka Kidodi. Alifika amefunga kuku kwenye usukani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Huyo kuku wa nini?"

"Baba kasema nikusalimie."

"Salamu nimepokea. Kuku rudi naye."

Verdiana akamnong'oneza mumewe kwamba kuku hana kosa. Urbanus akatikisa kichwa. Wakaketi wawili kwenye kigogo, na kuku akabaki kwenye usukani akiwatazama kichwa chini.

Yared hakujua aanzie wapi. Wanafahamiana. Msimu uliopita chuo kilipopandisha michango, kijana alikuja kukata miwa wakati wa likizo ili apate ya kulipa, na aliyemfundisha kushika panga ni Urbanus. Alimwonyesha namna ya kuinama kutoka kwenye goti, si kiunoni. Alimwonyesha namna ya kufunga kitambaa kifundoni. Baada ya wiki moja Melkizedek alisema, "Mtoto huyu anakata kama amezaliwa kwenye miwa," na wote wakamsifu.

"Kaka, Lemayan ni rafiki yangu," alisema Yared hatimaye. "Simsemi vibaya. Lakini wewe unanijua. Tunacheza mchezo mmoja mimi na wewe."

"Najua."

"Mimi huku siwezi kurudi."

"Ulikata vizuri."

"Ndicho ninachoogopa," alisema Yared. "Nilikata vizuri. Nilianza kuzoea. Siku ya mwisho nikaangalia mikono nikasema, nikikaa msimu mwingine sitatoka tena."

Urbanus alitazama pembeni.

"Lemayan amekuja kwako?" aliuliza Yared.

"Hajaja."

"Hatakuja. Hajui kuomba yule. Amekaa chuoni tu, bweni zima limeondoka, yeye amekaa. Hana pa kwenda." Yared akaishia hapo, kama aliyegundua amesema maneno yasiyomsaidia. Kisha akauliza, polepole, "Kaka, wewe walipokuacha, walikuambia sababu gani?"

Urbanus akasimama. Akasema jua linashuka na baiskeli haina taa. Yared akasema ahsante, akaondoka na kuku wake.

"Ungemjibu mtoto," alisema Verdiana.

"Ningemjibu nini?"

"Unachonificha mimi."

Leo alfajiri Urbanus alipofika kwenye ngwe yake alimkuta Yared. Hakwenda Zombo. Alilala kwa Melkizedek, akaazima panga, akaomba ngwe ya kushoto. Alisema hawezi kungoja jibu akiwa amekaa. Kuku amemwacha kwa mke wa Melkizedek, ambaye hakusumbuka kumkataa.

Kwa hiyo tangu jua litoke wanakata sambamba, mmoja mwenye miaka thelathini na mitatu, mwingine ishirini, wote wamekuwa weusi wa masizi, na wote wawili, kila baada ya mua, wanainua kichwa. Melkizedek ameacha kucheka. Amewatazama kwa muda, akasema peke yake, "Hii sasa ni dhambi," akaendelea na kazi.

Urbanus anakata haraka kuliko siku zote. Anasema ana mambo mawili kichwani na yote yanaishia pabaya.

"Nikimtaja Yared, nimesema kweli. Amestahili," anasema kwa sauti ya chini ili kijana asisikie. "Halafu Lemayan atafanya nini? Na mkono ule? Useremala hapana, miwa hapana, ng'ombe hakuna. Bohari ni kalamu, anaandika kwa kushoto. Ni hiyo tu. Ni kama imetengenezwa kwa ajili yake." Anatema masizi. "Nikimtaja Lemayan, basi Yared..." Hamalizi. Anaonyesha kwa ncha ya panga, si kijana, bali shamba lote, mpaka linapokutana na milima.

Je, hamchukii tena yule meneja?

"Namchukia," anasema bila kufikiri. "Nimemchukia kila siku. Nilikuwa nadhani alisema vile kwa kuwa hakujali. Sasa naona labda alijali. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba labda alikaa na jambo hilo akilifikiria, kama mimi."

Saa sita lori linaingia kwenye njia ya shamba, likiinua vumbi jeupe juu ya weusi wote ule. Wakataji wananyoosha migongo. Donati anateremka mwenyewe, ana kofia ya jua, viatu safi. Anawasalimia watu, anamtania Melkizedek kwamba amenenepa, na anapomwona kijana wa kushoto anashtuka.

"Yared? Wewe unafanya nini huku?"

"Shikamoo mzee. Nakata."

"Marahaba." Donati anatazama ngwe ya kijana, mashina yaliyokatwa chini kabisa, sawasawa, na marundo yaliyonyooka. "Mbona unakata vizuri hivi?"

Yared anaushika mua unaofuata. Donati anageuka, anajipepea na kofia.

"Haya, Nguzo. Jumatatu ndiyo hii. Kuna mtu ananingoja Mikumi na chumba kimeshapakwa chokaa. Nani?"

Mapanga yamenyamaza. Yared ameinama, ameshika mua usiokatwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hainui kichwa.

Urbanus anatazama mabega yale mapana. Anatazama kitambaa kifundoni, kilivyofungwa kama alivyofundisha yeye mwenyewe. Anafuta panga lake kwenye suruali, upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Mchukue Lemayan," anasema. "Yared ana mikono."